Kuona, Kuhisi na Kutambua: Vyombo vya Kupima Kutoka Mbali, kutoka Barafu ya Bahari hadi Kilosa na Mikumi

Utangulizi

Makala haya yanahusu istilahi, lakini yanaanzia mtoni. Mji wa Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, umekaa kando ya Mto Mkondoa, mahali ambapo mto huo unatoka katika bonde jembamba kati ya milima ya Rubeho na ya Ukaguru na kuingia katika tambarare. Sehemu kubwa ya maji yake haitokani na mvua inyeshayo Kilosa. Hutoka mbali, upande wa Dodoma na Mpwapwa, kupitia Mto Kinyasungwe. Hivyo basi mwananchi wa Kilosa aweza kuamka asubuhi akaona anga safi juu ya paa lake, kumbe mafuriko yamo njiani yanamjia. Macho makali zaidi hayatamsaidia, maana jicho halivuki mlima. Anachohitaji ni habari ya kitu kiendacho, iliyopatikana kutoka mbali, usiku na mchana, kukiwa na mawingu au pasipo mawingu.

Haja ya namna hiyo ilikwisha kuwasumbua watu wengine kabla yetu, tena katika nchi isiyofanana kabisa na Kilosa. Mabaharia na wanasayansi wa bahari za kaskazini walihangaika kwa miaka mingi kutafuta njia ya kufuata mwendo wa barafu ya bahari, ambayo nayo husafiri gizani na chini ya mawingu. Vyombo vilivyojaribiwa na kuaminika juu ya barafu ile ni vya jamii moja na vile vinavyotumika leo kutazama mafuriko, mioto na wanyama wa nchi yetu. Katika makala haya tunakusudia kusimulia kwa ufupi historia ya vyombo hivyo, na kutokana na historia hiyo kutetea hoja moja ya lugha. Hoja yenyewe ni kwamba vyombo vingi vya namna hii haviioni dunia, vinaipima. Kiswahili kikiendelea kuvieleza kwa maneno ya kuona, mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali watawapotosha wananchi bila kukusudia, na upotofu huo waweza kugharimu mali na hata maisha.

Kiongozi wa safari na neno "baridi"

Kabla ya kwenda kaskazini, yafaa tusimame kidogo chini ya Kilimanjaro. Mwezi Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani kwenda nchi ya Uchaga, aliona weupe juu ya mlima. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, kiongozi hakuwa na jina la kitu chenyewe, lakini alikiita baridi. Habari hiyo ilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta, akashikilia ukaidi wake kwa miaka mingi.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa na kila mtunga istilahi, kwa kuwa ndani yake mna hatua tatu ambazo watu huzichanganya. Rebmann aliona weupe. Kiongozi alitaja hisi, yaani lile ambalo ngozi hulipata mtu akaribiapo kitu hicho. Hatua ya tatu, ambayo ndiyo utambuzi, ni ile ya kusema kwa hakika kwamba weupe ule ni theluji. Cooley aliifikia hatua ya tatu bila kupitia mbili za kwanza, akakosea.

Lugha yetu yenyewe haikukosa maneno. Neno "barafu" tulilipata kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji; neno "theluji" tulilipata kutoka Kiarabu, ambako hutumika kwa theluji na kwa barafu pia. Waswahili wakayagawia maneno hayo kazi mbili tofauti: barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, theluji ni ile ianguka kama pamba. Mgawanyo huo ni kazi ya kiistilahi iliyofanywa na wasemaji wenyewe, bila kamati. Sasa yatupasa kuongeza mgawanyo mwingine. Barafu ya bahari ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda juu ya uso wake, na kwa kawaida unene wake ni mita chache tu. Mlima wa barafu uelea ni kitu kingine: ni pande lililomeguka kutoka barafu ya nchi kavu na kuangukia baharini, na waweza kuwa na unene wa mamia ya mita. Mtafsiri anayeviita vyote viwili "barafu ielea" amemwacha msomaji wake gizani.

Barafu ipeperukayo

Mwaka 1881 meli ya Marekani iliyoitwa Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia. Mwaka 1884 mabaki yake yaliokotwa kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Greenland. Hakuna aliyeyaona yakisafiri, lakini kufika kwake kulikuwa ushahidi kwamba barafu ya Bahari ya Aktiki huenda, tena huenda upande unaojulikana. Twaweza kusema kwamba chombo cha kwanza kilichopima safari hiyo kilikuwa meli iliyovunjika.

Fridtjof Nansen wa Norway aliuchukua ushahidi huo kwa uzito. Alijengewa meli imara, Fram, akaiacha ishikwe na barafu mwezi Septemba 1893 kwa makusudi, nayo ikachukuliwa hadi ilipofunguka mwezi Agosti 1896. Katika safari hiyo aliona kwamba barafu haifuati upepo sawasawa, bali hupotoka kwenda kulia kwa digrii 20 hadi 40. Mswidi Vagn Walfrid Ekman alichapisha mwaka 1905 maelezo ya kihesabu ya jambo hilo, akionyesha kuwa mzunguko wa dunia ndio unaolisababisha.

Hapa pana fundisho kwa watunga istilahi. Watu wa pwani wana neno zuri kwa kitu kilichokatika kamba: husema kimekwenda arijojo, kama tiara ambayo uzi wake umekatika. Neno hilo lina uhai na lavutia, na mtu aweza kutamani kuiita barafu hii "barafu arijojo". Sisi hatukubali, kwa sababu arijojo ni mwendo usio na mwenyewe wala kanuni, na Nansen na Ekman walionyesha kwamba mwendo wa barafu una kanuni. Kwa hiyo tunapendelea "barafu ipeperukayo", kwa kuwa kupeperuka ni kuchukuliwa na upepo, na upepo ndio uisukumao zaidi.

Tarehe 15 Aprili 1912 meli Titanic ilizama baada ya kugonga mlima wa barafu, na watu zaidi ya 1,500 walikufa. Kutokana na msiba huo mataifa yalianzisha doria ya barafu katika Atlantiki ya Kaskazini, iliyoanza kazi mwaka 1914. Doria hiyo ilitegemea macho ya mabaharia, na baadaye macho ya watu waliokuwa ndani ya ndege. Huko Aktiki, Warusi wanne wakiongozwa na Ivan Papanin waliishi siku 274 juu ya kipande cha barafu kati ya Mei 1937 na Februari 1938, wakipima kina, upepo na mwendo wa barafu waliyokuwa wameikalia. Hadi wakati huo kanuni ilikuwa moja: atakaye kujua barafu iko wapi, hana budi aende akaitazame.

Giza na mawingu

Setilaiti za kwanza za hali ya hewa, kuanzia mwaka 1960, zilibeba kamera. Mwaka 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, iliyopokea mwanga wa jua uliorudishwa na ardhi, ukiwemo ule ambao jicho la mtu haliuoni. Vyombo hivyo vilileta faida kubwa, lakini vilikuwa na udhaifu uleule wa jicho. Usiku havikupata mwanga, na penye mawingu vilipata mawingu. Katika Aktiki usiku hudumu miezi, na mawingu hayapungui.

Njia nyingine ilifunguka mwezi Desemba mwaka huohuo wa 1972, iliporushwa setilaiti Nimbus-5. Setilaiti hiyo ilikuwa na kifaa cha kupokea mawimbi ya maikrowevu, ambayo kila kitu duniani hutoa chenyewe kwa kiasi kidogo, usiku na mchana, na ambayo mawingu hayayazuii sana. Barafu ya bahari hutoa mawimbi hayo kwa nguvu kuliko maji yaliyo wazi. Kwa hiyo palipo na kipimo kikubwa pana barafu, na palipo na kipimo kidogo pana maji. Katika majira ya baridi ya miaka 1974, 1975 na 1976 kifaa hicho kilionyesha jambo ambalo hakuna baharia angeweza kulishuhudia: katika Bahari ya Weddell, upande wa kusini mwa dunia, kulikuwa na tundu kubwa la maji katikati ya barafu, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 250,000. Tundu hilo lilizidi ukubwa wa nchi ya Uganda, nalo lilikuwa gizani.

Tangu kurushwa kwa Nimbus-7 mwezi Oktoba 1978 vipimo vya namna hiyo vimefuatana mwaka hadi mwaka. Ndivyo vinavyotuwezesha kusema kwamba barafu ya Aktiki, ambayo mwezi Septemba 1979 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba karibu milioni 7, ilipungua hadi kama milioni 3.4 mwezi Septemba 2012. Pengo hilo ni karibu mara nne ya eneo la Tanzania.

Mwaka 1978 pia ilirushwa Seasat, iliyokuwa na rada ya kutazama bahari. Rada haingoji mawimbi yatolewe na kitu. Huyatuma yenyewe, kisha husikiliza mwangwi wake. Seasat ilifanya kazi kwa siku 105 tu, lakini ilitosha kuonyesha njia. Zikafuata ERS-1 ya Ulaya mwaka 1991, RADARSAT-1 ya Kanada mwaka 1995, na Sentinel-1A ya Ulaya mwaka 2014. Kwa kulinganisha taswira za siku mbalimbali, wataalamu hutambua kipande kilekile cha barafu na kujua kimekwenda umbali gani.

Hata hivyo vipimo hivi hudanganya visipofasiriwa kwa uangalifu. Wakati wa kiangazi cha Aktiki theluji iliyo juu ya barafu huyeyuka, na vidimbwi vya maji hutapakaa juu yake. Kifaa cha maikrowevu hupokea kipimo cha maji, na asiyejua husema hapa hapana barafu, kumbe chini ya vidimbwi barafu ipo. Kifaa hakikusema uongo. Kilitoa kipimo cha maji palipokuwa na maji. Aliyekosea ni mtu aliyetambua haraka.

Kutoka boya hadi tembo wa Mikumi

Njia nyingine ya kufuata barafu ilikuwa kuweka juu yake chombo kidogo chenye redio, ambacho setilaiti yaweza kukisikia na kukadiria kilipo. Setilaiti Nimbus-6 ya mwaka 1975 ilifuata maboya kwa namna hiyo, na mwaka 1977 mtambo huohuo ulitumika kufuata dubu wa Aktiki. Mwaka 1978 ulianza mpango wa Argos, wa Ufaransa na Marekani, uliofanya kazi hiyo kwa maboya na kwa wanyama. Mnyama, kwa macho ya mtambo, alikuwa boya lenye miguu.

Huku kwetu kazi ya kufuata tembo kwa redio ilianza mapema, mwishoni mwa miaka ya 1960, Iain Douglas-Hamilton alipowavisha tembo wa Manyara mikanda yenye redio. Siku hizo mtu alizunguka na antena kwa gari au kwa ndege akiisikiliza sauti ya mkanda. Siku hizi setilaiti hufanya kazi hiyo, na watumishi wa hifadhi zetu wamekipa kifaa hicho jina la "kisukuma mawimbi". Tunalisifu jina hilo bila kusita. Linasema kazi ambayo kifaa hufanya, yaani kusukuma mawimbi, wala halidai kwamba kifaa kinamwona tembo. Askari wa hifadhi anajua kwamba alama isiyosogea kwa siku mbili ina maana zaidi ya moja: huenda tembo amekufa, huenda mkanda umeanguka. Kwa sababu hiyo huenda kuangalia kwa macho yake.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inatupatia mifano mingine miwili. Wa kwanza ni sensa ya tembo. Sensa za ikolojia ya Selous na Mikumi zilitoa idadi ya tembo 38,975 mwaka 2009 na 13,084 mwaka 2013. Tofauti ya tarakimu hizo ilitangaza msiba wa ujangili, na nchi nzima ilishtuka. Lakini ni vema ieleweke zilivyopatikana. Ndege huruka kwa mistari iliyonyooka, katika kimo kinachojulikana, na watazamaji huhesabu wanyama walio ndani ya ukanda mwembamba tu wa kila upande. Halafu hesabu hiyo hutumika kupata idadi ya eneo zima, pamoja na kiasi cha shaka yake. Kwa hiyo 13,084 ni makadirio, ingawa tarakimu ya mwisho ni 4 na inaonekana kama mtu alimwona tembo wa nne. Gazeti likiandika kwamba tembo "walihesabiwa wakawa 13,084", limeficha hatua ya kukadiria. Makadirio mazuri yatosha kuokoa wanyama. Yakiitwa hesabu, mtu wa kwanza atakayeonyesha kosa dogo atapata nafasi ya kuyakataa yote.

Mfano wa pili ni moto. Setilaiti Terra ya mwaka 1999 na Aqua ya mwaka 2002 zilipewa kifaa kipokeacho joto, na kwa msaada wake alama za mioto ya miombo na ya mbuga za Mkata zimeweza kuonekana katika ramani siku ileile. Kila alama huwakilisha mraba wa upande wa kilomita moja hivi, lakini haina maana kwamba kilomita nzima inaungua. Moto mdogo mkali waweza kutosha kuiwasha. Wala alama haisemi kama moto ni wa mkulima anayesafisha shamba, wa mwindaji, au wa watumishi wa hifadhi waliochoma majani mapema kwa makusudi ili kiangazi kisije na moto mkubwa zaidi. Afisa akiisoma orodha ya "mioto iliyoonekana" na kuwaandikia barua viongozi wa kijiji akiwalaumu, amewahukumu watu kwa ushahidi wa joto peke yake.

Doa jeusi la Kilosa

Sasa turudi Kilosa. Mto Mkata, utokao katika tambarare za Mikumi, nao hutiririka kuelekea kaskazini na maji yake huungana na yale ya Mkondoa katika bonde la Mto Wami. Kwa hiyo Mikumi na Kilosa ni watu wa bonde moja, na mbuga moja hupokea maji kutoka pande mbili. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipitishwa katika bonde la Mkondoa kwa kuwa ndilo lango la milima. Tangu hapo kila mafuriko makubwa ya mto huo yamekuwa pia habari ya reli. Mji ulijengewa tuta la kuuzuia mto. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 tuta lilibomoka, maelfu ya watu wakaacha nyumba zao na kuishi kambini, na reli ikakatika. Mwezi Januari 2014 mafuriko mengine yaliikumba Dumila na daraja lake katika barabara ya Morogoro na Dodoma.

Rada ya setilaiti hupita juu ya bonde hilo kama inavyopita juu ya barafu, na mawingu ya masika hayaizuii. Maji yaliyotulia ni laini kama kioo. Huurusha mwangwi upande mwingine, nao haurudi kwenye setilaiti. Kwa hiyo katika taswira maji huwa doa jeusi. Mtafsiri wa ripoti aliyezoea maneno ya kamera ataandika: "Picha inaonyesha maji kwa rangi nyeusi." Sentensi hiyo ni fupi, ni nyepesi, nayo ina hatari tatu.

Kwanza, si kila kilicho cheusi ni maji. Barabara ya lami na uwanja mkavu uliosawazishwa navyo ni laini, navyo huwa vyeusi. Pili, si kila penye maji ni peusi. Maji yaliyoingia katika matete au chini ya miti huweza kuurudisha mwangwi kwa nguvu, na mahali hapo pakang'aa kuliko nchi kavu. Upepo mkali juu ya maji nao huyapunguzia weusi. Mwananchi aliyeukimbia mto usiku akiwa na watoto wake aweza kukuta, kwenye karatasi ya msaada, kwamba kitongoji chake chenye matete "hakionekani kuwa na maji". Tatu, rada haiko juu ya Kilosa kila saa. Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Mafuriko ya usiku mmoja yaweza kuja na kuondoka katikati ya safari mbili. Jina la setilaiti hiyo maana yake ni mlinzi, lakini mlinzi wa namna hii hafai kuachiwa lango peke yake.

Maonyo yaliyo ya haraka zaidi bado yanatoka kwenye ubao wenye alama za mita na sentimita uliosimikwa mtoni, kwenye kipimamvua kilichoko Mpwapwa, na kwa mtu wa juu ya mto anayempigia simu mtu wa chini. Taswira ya rada huja kusaidia kujua maji yameenea hadi wapi, na mwakani tuta lijengwe wapi. Kila kifaa kina kazi yake, na istilahi njema ni ile inayomkumbusha mtumiaji kazi hiyo.

Mapendekezo

Kiswahili kimekwisha kupita njia hii. Neno "darubini" lilitoka Kiajemi, na sehemu zake mbili zina maana ya mbali na ya kuona. Kwa darubini neno hilo ni sahihi, maana kwayo jicho huona kweli. "Hadubini" ikafuata mkia uleule, nayo pia ni ya jicho. Lakini tangu siku hizo vyombo vimehama jichoni. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kupima eksirei za nyota, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Lugha yetu ilikwisha kwenda angani kwa jina. Tangu mwaka 1975 Nairobi ina kituo cha kanda cha fani hii. Kilichobaki ni lugha yenyewe kuisema kazi hiyo kwa uangalifu. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Kitenzi "kuona" kiachiwe jicho na kamera ipokeayo mwanga. Rada, kifaa cha maikrowevu na kifaa cha joto visisemwe kwamba vinaona.

2. Kifaa kipokeacho kiitwe "kihisi", na kazi yake "kuhisi". Wengine wamependekeza "kitambuzi". Hatukubaliani nao, kwa sababu kifaa hakitambui. Hupata hisi tu, kama kiongozi wa Rebmann aliyetaja baridi. "Kipimambali" nalo halifai, kwa kuwa kwa mfano wa "kipimajoto" litaeleweka kuwa ni kifaa cha kupima umbali.

3. Fani yenyewe iitwe "utambuzi wa mbali", maana fani hukamilika pale mtu mwenye elimu, na mwenye kuijua nchi, anapofasiri kilichohisiwa.

4. "Picha" iwe ile ya kamera. Matokeo ya rada na ya vihisi vingine yaitwe "taswira". Walimu wa fasihi watasema kwamba neno hilo ni lao; nasi twajibu kwamba taswira ya ushairi nayo haisomwi kwa macho tu, huhitaji kufasiriwa. "Ramani ya mafuriko" litumike baada ya taswira kulinganishwa na habari za watu waliopo mahali penyewe.

5. "Hesabu" na "makadirio" yasichanganywe, na kila makadirio yatajwe pamoja na kiasi cha shaka yake.

6. "Barafu ya bahari", "mlima wa barafu uelea" na "barafu ipeperukayo" yatumike kila moja mahali pake, na "kisukuma mawimbi" kikubaliwe kama kilivyo.

Hitimisho

Huenda baadhi ya wasomaji watauliza kama yafaa kutumia muda mwingi juu ya vitenzi vitatu. Twawaomba wafikirie karatasi moja tu, ile itakayobandikwa kwenye mbao za matangazo za Kilosa masika yajayo. Itakuwa imetafsiriwa na mtu aliyeketi ofisini mbali na mto, itasomwa kwa sauti na mwalimu, na mtumishi wa wilaya ataitumia kuamua magari yapelekwe wapi. Ikisema "picha inaonyesha hapana maji", wote watatu watalala. Ikisema "kihisi hakikupata alama ya maji, watu wa mahali hapo waulizwe", mmoja wao atainua simu. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni kazi ya watunga istilahi, nayo ndiyo tunayoiweka mbele ya wasomaji wetu waijadili, waikosoe na kuikamilisha.